Gomesi Nyekundu Kwenye Picha Isiyo na Rangi

Maskini akija kupigwa picha hujipaka mafuta mpaka magotini, husimama wima kama askari wa gwaride, na huuliza kama viatu vitaonekana. Tajiri hataki hivyo. Tajiri anataka nimkute kitini kwake kana kwamba nimepita tu, macho yake dirishani, hana habari kwamba niko pale. Na huko kutokuwa na habari hutuchukua asubuhi nzima. Haya sikufundishwa na mwalimu yeyote. Nilisoma mpaka darasa la nne, kule Bukavu, na lenyewe sikulimaliza. Lakini leo ukiingia kwenye nyumba kubwa za Kampala, zile ambazo geti hufunguliwa na mtu usiyemwona, ukakuta ukutani picha pana nyeusi na nyeupe, familia imekaa, kila kivuli kimelala mahali pake, jua hiyo ni kazi ya mikono hii. Sijisifu. Najieleza.

Jambo linalonichekesha ni jinsi dunia ilivyopinduka kama chapati. Nilipofika mji huu, kijana mwenye suruali moja, picha nyeusi na nyeupe ilikuwa ya mtu asiye na kitu. Pale mtaani Kalerwe tuliiita picha ya mkaa. Mwenye uwezo alipiga ya rangi, asiye na uwezo alipiga ya mkaa na akaomba radhi kwa watu aliowapelekea. Siku hizi rangi iko kwenye simu ya kila muuza ndizi, ya bure, basi wenye nacho wameikimbia. Wanautaka mkaa. Wanataka karatasi iliyosafishwa kwa mkono ndani ya beseni, na huniuliza kwa sauti ya chini, kama watu walio kanisani, "Na hii itakaa miaka mingapi?"

Wenzangu wa zamani waliuza vyombo vyao vyote. Mmoja beseni zake aliwawekea kuku maji. Mimi nilizinunua mashine zao za kukuzia picha kwa bei ya vyuma chakavu, nikazipanga chumbani mpaka mke wangu akakosa pa kupitia. Walinicheka sana: Mkongo anaokota takataka. Leo mwenye takataka ni mimi, na wao hunipigia simu kuuliza kama nahitaji msaidizi.

Kazi yenyewe nilifundishwa na mzee mmoja kutoka Kenya aliyekuwa na studio ya mbao pale sokoni Kalerwe. Alinifundisha kusoma mwanga, kusafisha picha, na kuipaka rangi kwa mkono, maana baadhi ya wateja wa mkaa walitaka angalau midomo iwe myekundu. Siku moja alinunua nyanya moja iliyoiva na pilipili hoho moja ya kijani, akaziweka juu ya meza, akazipiga picha. Kesho yake akanipa ile picha na kuniuliza nyanya ni ipi. Nikageuza, nikageuza tena. Kwa umbo ningeweza kukisia. Kwa rangi, zilikuwa mapacha, kijivu kimoja kwa kingine. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Filamu haijui rangi," akasema. "Inajua mwanga tu. Likumbuke hilo, siku moja litakulisha." Nilidhani anazungumzia nyanya.

Ukuta wa studio ile ulikuwa umeegemeana na kibanda cha mama mmoja muuza vitunguu. Picha iliyosafishwa inataka maji, maji mengi, isipooshwa vizuri itageuka njano kama jino. Sisi hatukuwa na bomba. Yeye alikuwa na madumu yake, na kila siku alinisukumia moja kwa mguu, bila kusema neno, huku akimenya vitunguu. Hakuwahi kunidai. Nilipohama Kalerwe kwenda kujitafutia, nilimwahidi nitarudi kumsalimia kila mwezi. Mnajua ahadi hizo.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Bibi mmoja wa mlimani, kule wanakokaa wenye nacho, mke wa afisa mstaafu wa jeshi, aliona picha niliyompiga daktari wa meno wa Ntinda. Akiwa bado na dawa ya ganzi mdomoni akaomba namba yangu. Nilimwita Madamu, na mpaka leo namwita Madamu. Binti yake alikuwa anafanyiwa kwanjula, ile siku ambayo kijana huja na ndugu zake kujitambulisha nyumbani kwa wazazi wa msichana. Madamu alitaka picha moja tu kutoka kwangu. Wa video walikuwepo, wa ndege ile ndogo yenye kamera walikuwepo, lakini picha ya sebuleni, ile kubwa, nyeusi na nyeupe, ilikuwa yangu. "Ikinipendeza," aliniambia, "nitaongea na wenzangu." Wenzake ni akina mama wa vilima vile vyote. Mimi nilikuwa sijawahi kupita geti la mlimani kama mpiga picha mwenye jina. Nilikuwa nimepita kama mpeleka bahasha. Kwa hiyo usiku ule sikulala, na asubuhi nilivaa koti.

Walinipokea kwa Kiswahili, jambo ambalo si la kawaida kule juu. Kampala, ukiongea Kiswahili kwenye nyumba kubwa, watu hutazama kama umekuja kukamata mtu. Lakini Mzee wa nyumba alikuwa mwanajeshi, na Madamu alijifunza lugha hiyo alipokuwa bi arusi katika nyumba za kambini. Nikasikia katika matamshi yake kwamba naye hakuzaliwa mlimani. Nikaliweka moyoni.

Mahema mawili yalitazamana. Wanawake wa ukoo wa binti wote walivaa gomesi, zile nguo ndefu za heshima za Kiganda, za kijani, kijani cha jani la mgomba lililooshwa na mvua, mabega yamechongoka, mishipi inang'aa. Mimi nilikuwa pembeni nikifungua kamera yangu kubwa ya miguu mitatu, ile ya kuingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi, na kila mtoto wa pale alinizunguka. Nilikuwa na raha kupita kiasi.

Ndipo akatoka ssenga. Ssenga ni shangazi, dada wa baba, na siku ya kwanjula yeye ndiye mkubwa. Hupita mbele ya umati, akatafuta kati ya wageni, akamtoa bwana harusi na kumbandika ua kifuani. Bila yeye hakuna shughuli. Alitoka amevaa gomesi nyekundu, nyekundu ya nyanya, peke yake katikati ya kijani kile chote. Na alitembea akiegemea kushoto kidogo, kama mtu aliyebeba dumu maisha yake yote.

Nilimjua kabla sijaiona sura. Alikuwa mama yangu wa vitunguu.

Nyuma yangu wasichana wawili wa nyumba ile walikuwa wananong'ona.

"Kwani ssenga hamkumwambia tulibadilisha rangi?"

"Iliandikwa kwenye grupu."

"Grupu gani? Simu yake ina tochi tu."

"Basi angeuliza."

"Ameshashona zamani, wewe. Alikuwa wa kwanza kushona."

Baada ya kumbandika ua yule kijana, alipita karibu na kamera yangu. Tukatazamana. Na mimi, mwenye mdomo mkubwa, mwenye koti, niliinamisha kichwa na kusema, "Habari za leo, mama," kwa sauti ya karani. Akanitazama kidogo. "Nzuri, ssebo," akajibu. Bwana, yaani. Akaendelea na safari yake. Sijui kama umewahi kusalimiwa vizuri ukatamani kutukanwa.

Wakati wa picha ulipofika niliwapanga kwenye ngazi za baraza. Wanaume wa kanzu na makoti nyuma, akina mama mbele, binti kitini katikati, na kando yake kiti cha ssenga, kama desturi ilivyo. Niliingia chini ya kitambaa. Kwa asiyejua, kamera ile huonyesha watu kichwa chini miguu juu. Nawaambia ukweli, hakuna kinachotuliza moyo wa mtu wa darasa la nne kama kuona matajiri ishirini wananing'inia kama popo. Kila kitu kilikuwa kijani. Kiti cha ssenga kilikuwa kitupu.

Nikatoa kichwa.

"Tunamngoja nani?" nikauliza.

"Hakuna," Madamu akasema. "Piga."

"Kiti kiko wazi, Madamu."

"Mutoe hicho kiti. Ssenga atapigwa peke yake, kule kwenye maua. Hii ya familia ni ya kijani."

Yeye mwenyewe, ssenga, alikuwa amesimama chini ya ngazi, karibu na vijana wa kubeba soda. Akasema bila hasira, "Sawa tu. Mimi nitapigwa na watu wa sufuria." Mtu mmoja akacheka, akaacha. Mzee wa nyumba, kaka yake wa tumbo moja, afisa aliyeamrisha watu, alikuwa anachunguza viatu vyake.

Nikajua picha ile ikishapigwa imepigwa. Haitakuwa picha ya siku moja. Itakaa sebuleni miaka yote tuliyoulizana, na watoto wa binti yule watakua wakihesabu ukoo wao pale ukutani, na yeye hatakuwemo. Nikajua pia kwamba geti la mlimani lilikuwa limefunguka kwa upana wa mkono mmoja tu, na mkono huo ulikuwa wa Madamu. Mtu mwenye akili angerudi chini ya kitambaa. Mimi nilimwona yule mzee wa Kenya akinishikisha nyanya.

"Madamu," nikasema, "tatizo ni rangi, au kuna lingine?"

"Rangi. Kuna nini kingine?"

"Basi tatizo hakuna."

Akanikunjia uso. Nikashuka kutoka kwenye kamera, nikasimama mbele yao wote, na hapo, niseme tu, niliongea kama mbunge.

"Filamu yangu haijui rangi. Ukiipa nyekundu hii na kijani hiki, itakupa kijivu kimoja. Hakuna mtu sebuleni kwako atakayejua nani alivaa nini. Wa video ndiye wa kumwogopa, mimi hapana."

"Wewe unanidanganya, Mkongo."

"Ikionekana, uwaambie wenzako wote kwamba mimi ni mwongo. Nitarudi kupeleka bahasha."

Madamu alikuwa ameitaja sababu yake mbele ya watu, na sababu ile ilikuwa imekufa mikononi mwake. Nyingine, ile ya kweli, ile ya vitunguu, hakuna mtu angeweza kuitamka pale, mbele ya wakwe, siku kama ile. Ndipo Mzee akainua macho kutoka kwenye viatu.

"Dada," akasema, "kiti chako ni hiki. Njoo."

Akapanda ngazi akiegemea kushoto. Akaketi.

Sasa msidhani kazi iliisha. Nilikuwa nimesema kwa kiburi, lakini chini ya kitambaa nikaona jambo la kunikausha mate. Kitambaa chake kilikuwa cha satini kinachong'aa, na jua la saa nane lilikuwa linakipiga begani likitoa mmeto. Filamu haijui rangi, lakini mmeto inaujua. Kijivu kingekuwa kimoja, sawa, ila bega lake lingewaka kama bati jipya. Nikaondoa kile kioo cha njano ninachokivika lenzi, maana kingeipa nyekundu mwanga zaidi. Kisha nikasimama nikiangalia mbinguni.

"Tunangoja nini sasa?" Madamu akauliza.

"Wingu."

"Ssebo, watu wanangoja chakula."

"Nami nangoja wingu, Madamu. Liko juu ya kilima cha Lubaga pale, linakuja."

Mjomba mmoja nyuma akasema kwamba amewahi kuona watu wakiombea jua kwenye sherehe, lakini mwenye kuombea wingu ndiyo kwanza. Wakacheka, na hilo lilinisaidia, nyuso zililegea. Wingu likaja polepole kama mtu mwenye cheo. Likatufunika. Bega la ssenga likazima. Nikapiga. Nikabadilisha filamu, nikapiga tena.

Kesho yake adhuhuri, nikiwa nyumbani kwangu Ntinda najitayarisha kuingia chumba cha giza, geti likagongwa. Ni yeye. Amevaa gomesi ileile.

"Nimekuja kuona kama nimeingia," akasema. "Na nguo nimeivaa. Picha ikinikataa, nijue wa kumlaumu."

Nikamwingiza. Kule ndani taa ni nyekundu, ndogo, na chini ya taa ile rangi zote hufanya wazimu. Gomesi yake iligeuka nyeupe. Alijitazama mikono, akajitazama kifua, akaanza kucheka. "Mutu huyu ni mchawi," akasema. "Ameniosha bila sabuni." Nikaweka karatasi chini ya mashine, nikaiangazia, nikaitumbukiza kwenye beseni la dawa, nikalitikisa taratibu.

Nimeliona jambo hilo mara ngapi sijui, na kila mara moyo hunipiga kama mara ya kwanza. Karatasi tupu, nyeupe, haina kitu. Kisha makoti ya wanaume yakaanza kuja, meusi, peke yake, kama yamening'inizwa. Kisha nywele. Kisha macho. Akaniegemea bega. Kisha gomesi, zote, zikapanda pamoja, kijivu kimoja, hakuna hata moja iliyotangulia. Nikaitoa, nikaitia kwenye beseni la pili, nikaiinua maji yakichuruzika.

"Niko wapi?" akauliza.

Hilo ndilo neno. Alijitafuta. Alianzia pembeni, kwa watu wa kusimama mwisho, akapita mmoja mmoja, mpaka akafika katikati.

"Ah," akasema. "Huyu."

Alikuwa amekaa kando ya binti, kidevu juu, mikono juu ya magoti, na nawaambia kama fundi, si kama rafiki, yeye ndiye aliyetoka vizuri kuliko wote. Wengine walikuwa wanajaribu kuonekana hawajui kamera iko pale. Yeye aliitazama.

Wakati wa kuosha, nilifungua bomba. Sasa ninalo bomba. Akayaangalia yale maji yakimwagika.

"Jana ulinisalimia kama mtu wa benki," akasema.

"Nisamehe, mama."

"Koti ndilo lilikusalimia. Wewe hukuwepo." Akavuta beseni kwa mguu, kwa namna ileile ya zamani, likakaa chini ya bomba sawasawa. "Haya, osha. Isije ikawa njano."

Picha ya Madamu niliipeleka mwenyewe, kwenye fremu nyeusi, upana wa mlango. Aliiweka juu ya kochi, akairudia macho kwa muda mrefu, kutoka kushoto hadi kulia. Akanisogelea kwa karibu. "Kweli haionekani," akasema, na sikuweza kujua kama amefurahi au amepungukiwa kitu. Ila aliwaongelesha wenzake kama alivyoahidi. Wiki chache baadaye nilikuwa pale sebuleni nikizungumza kazi na mmoja wao, mama wa lulu shingoni, na yule mama akauliza, "Huyu mkubwa aliyekaa na bi arusi ni nani? Anaonekana mtu mzito."

Madamu akatengeneza kikombe kwenye sahani yake. "Wifi yangu," akasema. "Ana biashara Kalerwe."

Mimi nikaitazama dari. Biashara. Kuanzia siku hiyo sijakaa bila kazi ya mlimani, na atakayesema ni bahati aje anieleze wingu lile lilitoka wapi.

Lakini yeye mwenyewe, mama wa vitunguu, nakala yake aliikataa. Niliipeleka Kalerwe mwenyewe, bila koti. Akaishika mbali, akafunga jicho moja.

"Nzuri," akasema. "Lakini hapa sokoni nani atanijua? Wote tumekuwa majivu. Nitilie rangi yangu."

"Mama, hii ndiyo wanayoitaka matajiri. Hivi hivi."

"Mimi ni tajiri? Nitie rangi."

Nikarudi nayo Ntinda. Nikafungua kisanduku cha mzee wangu, wino zake bado zimo, nikazungushia pamba kwenye kijiti. Hakuna mwingine Kampala nzima anayejua tena kazi hii. Kama yupo, ajitokeze. Nilimpaka gomesi yake pole pole, tabaka juu ya tabaka, nyekundu ya nyanya, mpaka kwenye ncha za mabega, na wengine wote nikawaacha kama walivyo.

Iko kibandani kwake sasa, imefungwa kwa nailoni isishike vumbi, juu ya magunia. Nilipita juzi nikamkuta mteja, mama wa kupima vitunguu kimoja kimoja, anaikodolea macho.

"Huyu mwekundu ni wewe," yule mteja akasema. "Na hawa wengine?"

"Familia yangu. Watu wakubwa, wa mlimani."

"Mbona hawana rangi?"

Akamwongezea kitunguu kimoja juu ya mizani.

"Hawakuomba," akasema.